Kipimajoto Kilichosema Kweli

Machi 1972, katika hospitali ya Devonport mjini Plymouth, Uingereza, wagonjwa waliotundikiwa dripu walianza kuzidiwa badala ya kupata nafuu. Watano walifariki. Chupa zilipochunguzwa, ndani ya yale maji ya sukari ya asilimia 5 walikutwa bakteria. Zilikuwa zimetengenezwa katika kiwanda cha Evans Medical huko Speke, Liverpool, na kupikwa kwenye otoklevu Aprili 1971, karibu mwaka mzima kabla ya kufika kitandani kwa mgonjwa. Muda wote huo bakteria walikuwa wakizaliana kwenye chupa zenye lebo safi.

Kijana anayesoma jioni au mwishoni mwa wiki ili apate kazi au apande cheo katika kiwanda cha dawa anapaswa kukijua kisa hiki mpaka kiini chake. Sikisimulii kwa ajili ya kumtisha. Ninakisimulia kwa sababu kilichowaua watu wale hakikuwa uchafu wa kiwanda wala tamaa ya mwenye mali, bali pengo la elimu kwa mtu aliyesimama mbele ya mtambo.

Otoklevu huua vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo. Kipimo kinachotumika sana ni joto la nyuzi 121 kwa dakika 15. Lakini mvuke unapoanza kuingia, chumba cha mtambo kimejaa hewa, na hewa hiyo lazima itolewe yote kupitia mfereji ulio chini. Hewa ni nzito kuliko mvuke, kwa hiyo isipotoka hutuama chini, ikazizunguka chupa za safu za chini na kuuzuia mvuke usizifikie. Hapo ndipo penye mtego. Geji ya shinikizo haibagui hewa na mvuke, inavipima vyote kwa pamoja. Geji inaweza kusimama pale pale inapotakiwa, na chupa za juu zikaiva sawasawa, huku za chini hazijapata hata joto la kuua kijidudu kimoja sugu.

Ndivyo ilivyokuwa Speke. Hewa ilibaki, na chupa za chini hazikuiva. Kulikuwa na kipimajoto kilichokusudiwa kuonyesha joto la sehemu ya chini, nacho kilionyesha kwamba joto halipandi. Kilisema kweli. Aliyekuwa akiendesha mtambo akaamini kimeharibika, kwa kuwa vipimo vingine vilionyesha mambo ni shwari. Bechi ikapita. Majaribio ya maabara hayakuizuia, na hilo si ajabu: ukichukua chupa chache kutoka kwenye bechi ambayo nyingi zake ni salama, unaweza kabisa kupata salama tupu.

Ni rahisi kumlaumu yule mwendeshaji, lakini mimi naona kumlaumu yeye peke yake ni uvivu wa kufikiri. Alikuwa na macho, na alikiona kipimajoto. Alichokosa ni maarifa ya kwa nini kipimajoto kiliwekwa chini na si juu. Angejua hilo, asingeweza kukipuuza. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na mwanasheria Cecil Clothier ilitoa ripoti yake mwaka huo huo wa 1972, nayo ilikosoa waziwazi imani iliyoenea kwamba kutakasa maji ya dripu ni kazi nyepesi inayoweza kuachiwa watu wasio na ujuzi mkubwa, chini ya usimamizi hafifu.

Sasa tumtazame mwanafunzi wetu wa jioni. Anatoka zamu saa kumi, anapanda basi, anaingia darasani saa kumi na moja, na kurudi nyumbani ni saa tatu usiku. Amechoka. Mwalimu anataja nyuzi 121 na dakika 15, naye anaandika. Kwenye mtihani anaulizwa, anajibu 121 na 15, anapewa alama. Ada imelipwa, cheti kinakuja, na kazini anaongezewa mshahara. Lakini amejua nini kuhusu hewa iliyobaki chini? Elimu ya namna hiyo ingetolewa kwa yule mwendeshaji wa Speke, isingewaokoa wagonjwa wa Devonport, maana namba hizo hata mtambo wenyewe ulionekana kuzitimiza.

Anayebukua maswali ya miaka iliyopita ili avuke mtihani ajue kwamba mtihani wake halisi hautakuwa na msimamizi. Utakuja usiku, kwenye zamu, vipimo viwili vikipingana, na magari ya wateja yakisubiri mzigo getini.

Wenye viwanda nao wana sehemu yao, tena kubwa. Wapo wanaomlipia mfanyakazi ada kisha wakampangia zamu ya usiku wiki ya mtihani. Wapo wanaofurahia cheti chake mbele ya wakaguzi lakini wanamkemea akiuliza swali alilolitoa darasani. Uingereza ina desturi ya zamani ya kumwachia mfanyakazi siku moja kwa wiki aende chuoni, akiwa bado kwenye malipo. Hapa kwetu, Kilimanjaro School of Pharmacy ya Moshi, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, iliwafundisha watu wa viwanda na wa mamlaka za dawa kutoka nchi mbalimbali za Afrika kwa vipindi vya wiki chache, kisha wakarejea kazini kabla ya kipindi kinachofuata. Mpangilio huo naupenda sana. Mtu anatoka darasani na swali, anakutana na mtambo, anarudi na jingine lililo gumu zaidi. Mwanafunzi wa kutwa nzima hana bahati hiyo.

Bohari pia ina kisa chake. Mwaka 1937 Marekani zaidi ya watu 100 walikufa kwa dawa ya maji iliyoyeyushwa katika dayethilini glikoli, sumu ambayo mtengenezaji hakujishughulisha kuipima. Sumu hiyo hiyo iliua watoto Nigeria kuanzia mwaka 2008 kupitia dawa ya meno yanayoota, na mwaka 2022 ikatajwa tena katika dawa za kikohozi zilizohusishwa na vifo vya watoto Gambia. Anayepokea mapipa ya gliserini, ambamo sumu hiyo inaweza kujificha, na kuamini karatasi ya muuzaji bila kuchukua sampuli, darasa lake linapaswa kuanzia hapo.

Ulaya ilifika mahali pa kuweka sheria mwaka 1975 kwamba kila bechi iidhinishwe na mtu mwenye sifa zilizotajwa kisheria, na wengi wanaoitafuta nafasi hiyo hujiandaa kwa masomo ya muda wakiwa kazini. Lakini hata huyo anategemea ukweli ulioandikwa na mtu wa zamu.

Kwa hiyo, mdogo wangu uliyejiandikisha muhula huu, ukirudi kazini nenda na daftari mpaka kwenye mtambo wako. Muulize fundi kila kipimo kimefungwa wapi, na kwa nini pale. Muulize hewa inatokea wapi, na mnajuaje kwamba imekwisha. Majibu yake yapeleke darasani, umwombe mwalimu ayafafanue mpaka uelewe. Na siku geji itakaposema ndiyo huku kipimajoto kikisema hapana, bechi iwekewe lebo ya zuio, fundi wa vipimo aitwe, na vipimo vyote viwili viandikwe kwenye rekodi kama vilivyosomeka, kabla hujamkabidhi mwenzako zamu.