Luka Alihesabu Watu

Soma Matendo 27:9–12, 21–26, 33–38. Kwa nini onyo la Paulo halikusikilizwa? Mwishoni, ni nini kilichopotea na ni nini kilichookolewa?

Meli ya mizigo ikitoka Mbamba Bay kwenda kaskazini mwa Ziwa Nyasa, hupita Liuli, Manda na Lupingu kabla ya kufika wilayani Kyela. Kutoka hapo mzigo hupanda kwa lori hadi Mbeya, na mwingine huendelea mpaka Iringa. Upande wa mashariki milima ya Livingstone huinuka wima kutoka majini. Kwa vijiji vingi vya ufukweni, kwa miaka mingi meli ndiyo iliyokuwa barabara. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini-mashariki huchafua ziwa. Hapo nahodha, wenye mizigo na abiria wote huwa na neno la kusema, lakini si kila neno lina uzito sawa.

Paulo naye alipanda meli ya mizigo, iliyobeba ngano kutoka Iskanderia kwenda Italia. Alikuwa mfungwa. Aliposhauri wasiondoke Bandari Nzuri, akida alimwamini nahodha na mwenye meli. Siku kumi na nne za dhoruba zikafuata, na ngano iliyokuwa sababu ya safari ile ikatupwa baharini.

Luka hatuambii ngano ilikuwa kiasi gani. Anatuambia idadi ya watu: 276, askari, mabaharia na wafungwa pamoja. Meli haikuahidiwa usalama. Watu waliahidiwa, wote, pamoja na waliompuuza mtumishi wa Mungu.

Angalia alichofanya Paulo. Alikumbusha onyo lake, lakini hakuishia kwenye lawama. Aliwatia moyo, akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele yao, akala. Nao wakapata nguvu ya kula. Ni rahisi kwa aliyepuuzwa kufurahi moyoni hasara inapotokea. Paulo alikuwa amelowa maji yale yale, na bado aliwataka wote wafike pwani.

Tafakari: Je, yuko mtu nyumbani au kanisani aliyekataa ushauri wako, na sasa dhoruba inawapiga wote wawili? Utamwambia nini juma hili kitakachompa nguvu ya kula?