Maji ya Imana

Zamani, katika vilima vya Rwanda, mwanamke aliyekuwa bado na umri wa kuzaa hakulala nyumba ikiwa haina maji. Hata kama ameshinda na jembe kutwa nzima na kiuno hakinyooki, alihakikisha chungu kimebaki na maji kidogo. Yaliitwa maji ya Imana. Imana ndiye Mungu, na iliaminiwa kwamba humfinyanga mtoto tumboni kwa udongo. Mfinyanzi bila maji atafinyanga nini? Mwanaanthropolojia Jacques Maquet aliieleza desturi hiyo katika maandishi yake ya miaka ya 1950. Methali ya Kinyarwanda nayo inasema Imana hushinda kwingine, ila jioni hurudi kulala Rwanda. Huyo basi ni Mungu anayerejea magharibi kama mkulima yeyote, akatarajia kukuta kuna mtu aliyemchotea maji.

Majina ya watu yanasema jambo la karibu na hilo. Hategekimana maana yake Mungu ndiye atawalaye. Harerimana ni Mungu ndiye aleaye. Kutawala na kulea vimewekwa kwenye mizani moja. (Ingawa anayeamka saa nane usiku kumnyonyesha Harerimana si Imana.)

Kuchota maji ni kazi isiyobakiza kitu. Leo unajaza, kesho chungu kitupu. Kufua, kupika, kufagia kizizi, kuchambua maharage: yote ni hivyo hivyo, asubuhi unaanza ulipoanzia jana. Je, kazi ya namna hiyo ina thamani yake yenyewe, au thamani yake ni kile tu inachowawezesha wengine kukifanya?

Swali hilo limepanda mpaka Kimihurura. Kilima hiki cha wilaya ya Gasabo, jijini Kigali, hakinuki tena samadi. Kina ofisi, hoteli na mikahawa, na kina Kigali Convention Centre, iliyofunguliwa mwaka 2016, ambayo kuba lake limezungushwa mfano wa nyumba ya nyasi ya wafalme wa zamani. Kilimo kilichosalia huko ni cha akarima k'igikoni, kijibustani cha jikoni chenye mchicha na vitunguu ambacho serikali imekihimiza nchi nzima ili watoto wapate mboga. Lakini Bunge pia liko Kimihurura, na katika baraza la wabunge zaidi ya asilimia 60 ni wanawake. Mwaka 2024 Rwanda ilipata sheria mpya ya watu na familia. Humo mna kipengele ambacho wazee wa vilimani wangekitolea macho: wanandoa waliochagua kila mmoja awe na mali yake wakitalikiana, kazi za nyumbani zilizofanywa bila malipo nazo zinatiwa kwenye hesabu.

Hakimu anahesabuje? Chukua siku moja ya familia yenye shamba lisilofika hekta moja, kama familia nyingi za wakulima wa Rwanda. Kabla hakujapambazuka kuna anayekata mabingobingo ya ng'ombe, kwa sababu ng'ombe hafungwi malishoni, hulishwa bandani. Anayekamua kwa desturi alikuwa mwanamume. Kwa mwanamke kukamua kulikuwa mwiko. Kuosha vyombo vya maziwa na kutikisa kibuyu cha siagi ndiko kulikuwa kwa mwanamke. Ng'ombe mwenyewe huenda alitoka katika mpango wa Girinka, ulioanza mwaka 2006, ambapo familia maskini hupewa mtamba na baadaye humpa jirani ndama jike wa kwanza. Mpango mzuri. Ng'ombe aliyetolewa anaandikwa kwenye ripoti, na ndama aliyepitishwa kwa jirani pia anaandikwa. Majani anayokatiwa kila siku ya Mungu, na maji anayobebewa kutoka bondeni, hayana daftari.

Padre Alexis Kagame (1912–1981) angeweza kumwonya hakimu huyo. Katika kitabu chake cha falsafa cha mwaka 1956 aliviweka vyote vilivyopo katika mafungu manne ya Kinyarwanda: umuntu, ikintu, ahantu, ukuntu. Mswahili hahitaji mkalimani sana: mtu, kitu, mahali na wakati wake, na namna. Chungu ni ikintu. Maji ni ikintu. Kujaza chungu kila jioni kwa miaka ishirini ni ukuntu, namna ambayo mtu amekuwa akiishi, na namna haina uzito ikitenganishwa na mwenye kuiishi. Sheria inamtaka hakimu aigeuze namna iwe kitu, kisha akigawe.

Dini zilizokuja baadaye hazikulimaliza jambo hili. Mkristo anaikumbuka nyumba ya Martha na Maria katika Injili ya Luka, ambako aliyehangaika na shughuli ndiye aliyeonywa, na aliyeketi kusikiliza akasifiwa. Wanawake wangapi wa shambani wamesikia mahubiri hayo Jumapili, kisha wakarudi nyumbani kuinjika maharage ili mhubiri ale? Mwislamu naye anajua jibu la Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani: alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani mwake, na wakati wa sala ukifika huenda kusali. Hadithi hiyo inatajwa mimbarini mara nyingi kuliko inavyofuatwa jikoni.

Wabunge wa Kimihurura walifanya haki. Aliyetoka mikono mitupu baada ya kulea na kulima ana la kudai. Ila sheria hiyo inaiona kazi ya nyumbani siku nyumba inapovunjika. Desturi ya zamani iliiona kila usiku, bila kuidai bei, ikasema hata Muumba anaingoja. Wala isipambwe kupita kiasi: iliyaona maji ikamsahau mchotaji, na yaliyotakiwa ni maji ya mwanamke wa kuzaa tu. Ajuza aliyeteka maji maisha yake yote hakudaiwa tena, na hakuna aliyemuuliza kama kiuno kimepona.

Siku hizi vyungu vimekwisha, ni madumu ya njano. Na kwenye njia za mabonde ya Rwanda wanaoyabeba, kabla ya shule na baada yake, mara nyingi ni watoto, ambao hawamo katika hesabu ya talaka ya wazazi wao. Dumu la lita 20 likijaa lina kilo 20, mbali na uzito wa dumu lenyewe.