Fakhari ya Mzazi na Mzigo wa Mtoto

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa Nabii Yahya hekima angali mtoto mdogo. Na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na Masahaba zake. Amma baad.

Juma lililopita, ilipokwisha darsa yetu ya alasiri, alibaki nyuma mzazi mmoja wa mji wetu huu. Binti yake ana umri wa miaka minane naye yuko Gredi ya 3. Walimu wamemwambia baba kwamba mtoto huyu amekwisha kuyajua yanayosomeshwa darasani mwake, hesabu za wakubwa wake azifanya kwa kichwa, na kwamba mwakani wataka kumrusha Gredi ya 4 aingie Gredi ya 5. Baba alipopata habari hiyo hakulala nayo. Aliipeleka barazani usiku ule ule, akawapigia simu jamaa wa Malindi na wa Lamu, na ripoti ya mtoto ikapigwa picha ikatumwa kila upande. Hayo alitusimulia akicheka. Kisha akanyamaza kidogo, akatwambia kwamba mkewe, alipokuwa akitandika kitanda, alikuta karatasi ya hesabu imekunjwa chini ya godoro. Mtoto alikosa masuala mawili tu, akaificha babake asiione.

Akatuuliza: Je, nimruhusu aruke, au nimzuie?

Twapenda kulijibu suala hili hapa, kwa kuwa si lake peke yake.

Kwanza yafaa ijulikane kwamba kufurahia akili ya mtoto si dhambi. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Mtume (S.A.W.) aliwauliza Masahaba habari za mti ambao mfano wake ni mfano wa Muislamu, nao wakaenda na fikira zao kwenye miti ya majangwani. Abdullah bin Umar, naye ni mdogo wao, alijua moyoni kuwa ni mtende, lakini aliona haya kusema mbele ya wakubwa. Walipotoka alimwambia babake, na Sayyidna Umar (R.A.) akamjibu kuwa lau angalisema, jambo hilo lingalikuwa bora kwake kuliko mali kadha wa kadha. Basi ikiwa Umar, pamoja na ukali wake wote, alitamani mwanawe aonekane, nani atakayemlaumu baba wa Mombasa? Ila tutazame pia kwamba neno hilo lilikuwa baina ya baba na mwana, wala hatukupokea kwamba Umar alirudi majlisini kuwatangazia watu kuwa mwanawe ndiye aliyekuwa akijua.

Na Abdullah huyu huyu, pamoja na akili hiyo, alipelekwa mbele ya Mtume siku ya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, akiwa na umri wa miaka 14, asikubaliwe. Alikuja kukubaliwa kwenye vita vya Khandaq alipokuwa na miaka 15. Hakuna aliyesema kwamba kwa kungojeshwa kule heshima yake ilipungua. Lakini siku ile ile ya Uhud, wenye kuandika sira wametaja vijana wawili ambao mambo yao yalikwenda njia nyingine. Rafi' bin Khadij aliruhusiwa kwa sababu alijulikana kuwa ni hodari wa kulenga mishale. Samura bin Jundub, aliyekuwa amerudishwa, akasema kwamba yeye humwangusha Rafi' katika mwereka. Wakaambiwa washindane, Samura akamwangusha, naye akaruhusiwa. Basi hapa hapana kanuni moja ya watoto wote. Kila mmoja alipimwa nafsi yake, na alipimwa kwa kazi ile ile aliyokuwa akiiendea.

Ndiyo maana hatukumwambia ndugu yetu kwamba kurushwa darasa ni vibaya. Mtoto anayewekwa mwaka mzima mbele ya yale aliyokwisha kuyajua hudhulumika. Hujifunza uvivu, kwa kuwa hajapata kutoka jasho. Na hujifunza kiburi, kwa kuwa wenziwe wote huwaona wazito. Mwisho huwa mtundu, na walimu wale wale waliomsifu ndio watakaomwita babake kumshitaki. Tumewaona watoto wa namna hii.

Lakini kuna jambo ambalo wazee wetu walilijua bila ya kuliandika. Katika vyuo vyetu vya Kurani hapakuwa na darasa la kuruka. Watoto walikaa mkeka mmoja, huyu yu katika alifu na bee, yule yu katika juzuu ya Amma, mwingine akaribia kuhitimu, na kila mmoja alimsomea mwalimu pale alipofika. Mwenye kukimbia alikimbia, na aliyekuwa mbele akapewa wadogo awafundishe. Hata Imam Shafi yasimuliwa kuwa alipokuwa yatima, na mamake hana cha kumlipa mwalimu, mwalimu aliridhika kumsomesha kwa sababu yeye mwenyewe aliweza kuwaangalia watoto wenziwe. Chuo kikitoka, wote walikwenda kucheza pamoja. Akili ilitangulia na umri ukabaki na wenziwe. Skuli za leo zimefunga umri na masomo kwa kamba moja, hata mtoto hawezi kusogea katika hesabu ila asogee pia katika mambo ambayo hayajawadia.

Hebu tuhesabu. Binti huyu akirushwa, ataingia Gredi ya 7 na miaka 11, kati ya wasichana na wavulana wa miaka 12 na 13 na zaidi. Huo ni umri ambao mwaka mmoja una mambo mengi, na kila mama anatufahamu. Hesabu ataziweza. Je, ataweza mazungumzo yao? Na yale ya Gredi ya 4 atakayoyapita, nani atamsomesha, na saa ngapi, naye jioni yuko madrasa?

Hapa hatuna budi kutaja jambo moja linalotuudhi. Wako wazazi ambao asubuhi humtangaza mtoto mji mzima, na jioni huenda kumtafutia hirizi kwa kuogopa husuda! Nabii Yakubu (A.S.) alimwonya Yusuf asiwasimulie ndugu zake ndoto yake, na baadaye akawaamuru wanawe wasiingie mjini kwa mlango mmoja, huku akikiri kwamba hayo hayawezi kuwakinga na lolote alilolitaka Mwenyezi Mungu. Alishika hadhari na akamtegemea Mola wake. Hakumfunga mtu uzi shingoni.

Tukamuuliza ndugu yetu: Je, umemuuliza mtoto mwenyewe? Akasema hajamuuliza. Walimu wameulizwa, jamaa wameulizwa, na baraza nzima imetoa rai.

Basi rai yetu ilikuwa hii. Asitoe jibu muhula huu. Awaombe walimu wamwache binti na wenziwe wa Gredi ya 3, ila kipindi cha hesabu akakae na wakubwa, na hapo ataonekana yu wapi, kama Samura alivyoonekana. Wakati unaomzidi aupeleke kwenye kuhifadhi Kurani, kwani huko hakuna wa kumzuia asisogee. Baba na mama wasali istikhara. Na barazani wakimuuliza, awaambie kwamba habari hiyo bado.

Kuhusu ile karatasi, tulimwambia aanze nayo usiku huo, kabla ya kwenda skuli kuzungumza na mtu yeyote. Alipita kwetu siku ya pili baada ya Magharibi. Alitwambia kuwa aliitoa chini ya godoro, akakaa sakafuni na bintiye wakayafanya upya masuala yale mawili. Na kwamba moja katika hayo, yeye baba mtu mzima, alilikosa pia, na mtoto akacheka mpaka mamake akaja kutazama kuna nini.

Wa billahi tawfiq.