Sharti la Mke wa Manoa



Fungueni Waamuzi, sura ya 13. Mke wa Manoa alikuwa tasa. Malaika akamtokea, akamwahidi mwana, kisha akampa sharti: asiguse divai wala kileo. Najua, mwana huyo, Samsoni, alikuwa awe Mnadhiri, yaani mtu aliyewekwa wakfu kwa Mungu. Lakini unadhiri huo ulianzia mwilini mwa mama, na tena angalieni ulianza lini: mimba ilikuwa bado haijatungwa!

Sasa sikieni wanachosema madaktari wa leo. Takriban wiki moja baada ya mimba kutungwa, kiini cha mtoto hujishikiza ndani ya mji wa mimba, na kondo la nyuma huanza kujengeka hapo hapo. Mama hajakosa siku zake. Hajui lolote! Na kondo hilo ndilo litakalomlisha mtoto, kumpa oksijeni na kumtolea taka hadi siku ya uchungu.

Wengine hujifariji kwamba kondo ni ukuta. Kwa pombe, si ukuta! Pombe hupita, ikafika damuni mwa mtoto karibu kwa kiwango kile kile cha mama, na ini lake changa haliwezi kuivunja vizuri. Hukaa katika maji ya uzazi, naye huyameza. Zaidi ya hayo, pombe hulidhuru kondo lenyewe: hubana mishipa na kupunguza chakula kinachovuka. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walieleza jinsi panya waliopewa pombe siku chache tu kabla na baada ya kupandana walivyopata kondo zenye mishipa hafifu. Panya si binadamu, lakini nani kati yenu yuko tayari kumjaribia mwanawe?

Enyi wa Minneapolis na Saint Paul! Tangu Julai 2017, jimbo letu linaruhusu maduka ya pombe kufunguliwa Jumapili kuanzia saa tano asubuhi, nasi bado tupo ibadani. Mchana tuko Brooklyn Park kwenye nyama choma, na shangazi anamnong'oneza bibi harusi wa juzi: "Kunywa, mwanangu, bia nyeusi huongeza damu." Shangazi, haiongezi! Mpe maharage, mchicha na nyama, na vidonge vya kliniki.

Hapa hapa kwetu, Susan Carlson, mke wa aliyekuwa Gavana Arne Carlson, alihudumu katika mahakama ya watoto. Aliwaona watoto walioumizwa na pombe tangu tumboni wakiletwa mbele yake, na mwaka 1998 akaanzisha shirika lililokuja kuitwa Proof Alliance. Nchini Marekani inakadiriwa kwamba hadi mtoto 1 kati ya 20 wa shule ana madhara hayo. Husahau alichofundishwa jana, hatulii, hurudia kosa lile lile. Tunamchapa kwa utundu, kumbe ni ubongo ulioumia!

Simnyooshei kidole mama yeyote. Kama ulikunywa kabla hujajua, acha leo. Ubongo wa mtoto hukua mpaka mwisho wa mimba, na kila siku bila pombe ni faida yake. Kama ukiacha mwili unatetemeka, usipambane peke yako: mweleze daktari au mkunga leo hii.

Nanyi wanaume! Manoa hakusema hayo ni mambo ya wanawake. Alimwomba Bwana malaika arudi, awafundishe wote wawili jinsi ya kumlea mtoto. Wewe unayetafuta mtoto na mkeo, toa chupa kwenye friji, uache pamoja naye.

Basi, kanisa, tuamue. Katika kila sherehe yetu kuwe na juisi ya ukwaju na chai ya tangawizi za kutosha. Asiwepo wa kumsukumia mwanamke glasi, wala wa kumuuliza mbele za watu kwa nini hanywi. Na atakayeuliza, mjibuni ninyi!

Amina.