Je, Neema Yaweza Kuzidi?



Katika mitaa yetu nyumba nyingi zina Wakristo wa namna mbili chini ya paa moja. Mume ni Mwanglikana, mke ni Mkatoliki wa Roma. Mama huenda Misa, binti huimba kwaya kwetu. Mmoja husema, "Nimepokea Sakramenti, nimeongezewa neema." Mwenzake humjibu, "Neema haipimwi kwa pishi. Ama unayo, ama huna." Kisha wote wawili huenda kulala, kila mmoja akidhani mwenzake amepotea.

Jambo hili si la wasomi tu. Mgonjwa aliye karibu kufa akituuliza kama neema aliyo nayo yatosha, tutamjibu nini?

Mwaka 1541, huko Regensburg katika Ujerumani, walimu wa pande zote mbili walikaa pamoja wakakubaliana maneno juu ya kuhesabiwa haki. Lakini mapatano yale hayakudumu. Tarehe 13 Januari 1547 Mtaguso wa Trento ulitangaza kwamba mtu aliyekwisha kupewa haki huzidi katika haki hiyo, imani yake ikitenda kazi pamoja na matendo mema. Ukamtenga kwa laana kila asemaye kwamba matendo mema ni matunda na ishara tu ya haki, wala si sababu ya kuzidi kwake. Waprotestanti nao walijibu kwamba haki yetu mbele za Mungu ni haki ya Kristo mwenyewe. Nayo ni kamili, basi kilicho kamili chaongezwaje?

Tukisikiliza vizuri twaona kwamba neno ni moja, bali maana ni mbili. Mkatoliki anaposema neema, mara nyingi ana maana ya kipawa ambacho Mungu hutia ndani ya moyo. Kipawa hicho ni kama moto wa jikoni: hukolea, hufifia, na mtu aweza hata kuuzima. Mprotestanti anaposema neema, ana maana ya kibali cha Mungu kwa mwenye dhambi, nacho hakiwi nusu leo na robo kesho.

Sisi Waanglikana tulipata mwalimu mwema katika neno hili. Mwaka 1586 Richard Hooker alihubiri katika kanisa la Temple, London, akazitenga haki mbili. Haki tunayohesabiwa kwa imani ni kamili, lakini haikutoka kwetu. Haki ya utakaso imo ndani yetu, lakini haijakamilika, nayo yapasa kukua. Hooker alikataa katakata kwamba matendo yetu huiongeza ile ya kwanza. Hata hivyo alitumaini kwamba wengi wa mababa waliokufa katika Kanisa la Roma waliokolewa kwa rehema ya Mungu. Walter Travers, mhubiri mwenzake pale pale, alimpinga kwa neno hilo. Nasi twajifunza kwamba mtu aweza kuyashika mafundisho yake kwa nguvu bila kumfungia jirani yake mlango wa mbinguni.

Wazee wetu husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni hulima ili asichokwe. Lakini mwana wa nyumba naye hupewa jembe, naye halimi ili awe mwana. Yule mwana mpotevu wa Luka 15 alipanga kumwomba baba yake kazi ya kibarua. Akavikwa joho na pete kabla hajashika jembe lolote. Kaka yake alikuwa shambani miaka yote, naye alihesabu siku zake kama kibarua. Uana haukuongezeka kwa yeyote kati yao. Lakini mwana asiyekua, asiyefanana na baba yake mwaka hata mwaka, huitia nyumba huzuni.

Tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, wajumbe wa Kanisa Katoliki na wa Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki. Humo Walutheri walikiri kwamba Mkristo hukua katika neema na imani, ingawa kukubaliwa kwake na Mungu ni kamili sikuzote. Wakatoliki nao walieleza kwamba thawabu ya matendo mema ni ahadi ya Mungu, na matendo yenyewe ni karama yake. Mwaka 2016, mjini Lusaka, Baraza la Ushauri la Anglikana lilikubali kiini cha tamko hilo. Hatusemi kwamba tofauti zote zimekwisha. Neno "kustahili" bado ni zito kati yetu. Lakini laana zimepoa.

Basi tujiangalie. Wapo kwetu wanaohesabu Ushirika na sadaka kama mtu ahesabuye fedha za kulipia deni, nao hawana amani. Wapo wengine waliookoka zamani, wakaufanya wokovu kama cheti kilichofungiwa sandukuni. Ushuhuda ni ule ule, na hasira nyumbani ni ile ile. Askofu anapotuwekea mikono katika Kipaimara, huomba tuzidi katika Roho Mtakatifu siku kwa siku. Na Mtume Petro, mwishoni mwa waraka wake wa pili, atuagiza tukue katika neema. Hatuwezi kuomba tuzidi, kisha tukakataa kukua.

Kwa yule mgonjwa, basi, jibu letu ni hili: yatosha, ndugu, maana ni ya Kristo; pumzika. Na kwetu sisi tulio wazima, asubuhi imefika na shamba ni la Baba. Tushike majembe, na wale wa nyumba ile nyingine tuwaite walime pamoja nasi.

Amina.