Glasi mbili za mvinyo: Nani analipa bili?

Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha sita aliniuliza swali darasani, nikamjibu haraka haraka, na tangu siku ile moyo wangu haujatulia. Tulikuwa tunasoma hukumu ya ulevi. Akasema: "Ustadh, tuchukulie mtu na mkewe wako likizo nchi ya mbali. Wamekula chakula kizuri, wamekunywa glasi mbili mbili za mvinyo, wamecheka, wamerudi hotelini kwa miguu wakalala. Hawakulewa, hawakugombana, hawakuendesha gari. Wamemdhuru nani?"

Nilimjibu kwamba Allah (S.W) ameharamisha, na kwamba kinacholevya kikiwa kingi, basi hata kidogo chake ni haramu. Jibu hilo ni sahihi, na kwa muumini linatosha. Lakini kijana hakuuliza hukumu, maana hukumu aliijua. Aliuliza hekima, nami nikamnyamazisha. Makala hii ni deni langu kwake.

Ndugu msomaji, mtu na mkewe wa namna hiyo nimewaona kwa macho yangu. Mwaka 2023 nilikwenda Cape Town, Afrika Kusini, kwenye semina ya walimu, na nilijaaliwa kufuatana na mke wangu. Siku ya mapumziko tulichangia gari na wazee wawili, mume na mke kutoka Ulaya, ambao tulikuwa nao katika nyumba moja ya wageni. Wote tulikuwa tunaelekea Constantia. Wao walifuata mashamba ya zabibu, ambako mvinyo ulianza kutengenezwa tangu karne ya 17. Sisi tulifuata kaburi la Sheikh Abdurahman Matebe Shah, mmoja wa masheikh ambao Waholanzi waliwakamata katika nchi za Kusini Mashariki mwa Asia na kuwahamishia Cape katika karne hiyo hiyo. Kaburi lake liko jirani na lango la shamba la Klein Constantia. Naam, sheikh amelala mlangoni mwa shamba la mvinyo.

Tulitoa salamu, tukamuombea dua, kisha tukakaa chini ya mti tukala sambusa tulizonunua Bo-Kaap. Wale wazee walikaa mezani tangu saa sita hadi saa tisa. Waliporudi kwenye gari, nasema kweli, walikuwa watu wapole na wenye adabu. Mzee alimfungulia mkewe mlango. Bibi akamsimulia mke wangu kila walichokula, tangu samaki hadi jibini. Wakatuambia kuwa kila mwaka wanajiwekea siku kama ile: hakuna kazi, hakuna simu, ni kula taratibu na kuzungumza.

Tulipowashusha mjini, dereva, ambaye alikuwa kimya safari nzima, akaanza kuzungumza. Babu yake alikuwa kibarua katika shamba la zabibu, mbali na pale Constantia. Sehemu ya ujira wake alilipwa kwa mvinyo. Asubuhi kikombe, mchana kikombe, jioni kikombe. "Babu hakuwahi kutoka shambani," akasema, "na baba yangu alizaliwa hana akili timamu ya kusoma."

Huyu dereva hakuwa anasimulia kisa cha ukoo wake tu. Utaratibu wa kuwalipa vibarua kwa mvinyo ulienea katika mashamba ya Cape kwa karne kadhaa. Sheria iliupiga marufuku miaka ya 1960, lakini katika baadhi ya mashamba uliendelea hadi miaka ya 1990. Tafiti zimeonesha kuwa mkoa ule ni miongoni mwa maeneo yenye viwango vikubwa kabisa duniani vya watoto wanaozaliwa na ulemavu kwa sababu ya pombe waliyokunywa mama zao wakiwa wajawazito.

Sasa turudi kwa mwanafunzi wangu. Qur'an (2:219) haikukana kwamba ulevi una manfaa kwa watu. Imesema yapo, ila madhambi yake ni makubwa kuliko manfaa yake. Kijana aliyaona manfaa, na hakukosea. Kosa ni kudhani kwamba manfaa na madhara lazima yakae meza moja. Manfaa yalikaa Constantia kwa wale wazee wawili. Madhara yalikaa nyumbani kwa dereva. Ukiitazama glasi peke yake, huoni aliyedhurika. Ndiyo maana Mtume (s.a.w) alipoulaani ulevi hakuishia kwa mnywaji. Alitaja watu kumi, wakiwemo anayekamua, anayebeba na anayeuza. Sheria inatazama mnyororo mzima, nasi tunatazama pete moja tu.

Huenda msomaji akasema: mbona karafuu za Unguja nazo zililimwa na watumwa, na hatukuziharamisha? Ni hoja nzito, na haifai kuikimbia. Jibu langu ni kwamba dhulma ya karafuu ilikuwa kwa mwenye shamba. Ondoa utumwa, karafuu inabaki safi. Lakini kibarua wa Cape alifungwa kwa kile kile alichokilima. Kikombe ndicho kilichofanya kazi ya mnyororo. Na hata pasipo bwana shamba dhalimu, kikombe kinaendelea na kazi hiyo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2019 pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 duniani. Kila anayekunywa kwa utulivu anasaidia kuifanya ionekane kitu cha heshima, na wapo wasioweza kuishia glasi ya pili.

Hata hivyo, makala ikiishia hapa nitakuwa nimewasema wengine na kujisahau mwenyewe. Usiku ule mke wangu, ambaye huniita Ustadh anapotaka kunichokoza, aliniuliza: "Ustadh, sisi lini tumekaa mezani saa tatu?"

Nilikosa jibu. Hebu tuichambue siku ya wale wazee. Kilichowafurahisha ni nini? Ni muda, chakula, mandhari, mazungumzo, na mtu kumsikiliza mwenzie. Vyote hivyo ni halali, na baadhi ni katika mwenendo wa Mtume wetu. Yeye alishindana mbio na mama Aisha (r.a), mara akashindwa, mara akashinda. Salman alipomkumbusha Abu Dardaa (r.a) kuwa mkewe ana haki juu yake, Mtume (s.a.w) alisema Salman amesema kweli. Mvinyo ulikuwa mgeni mmoja katika karamu ile, lakini ndio uliopewa sifa ya karamu nzima.

Na sisi tumesaidia kuupa sifa hiyo. Tumewaachia watu wa mvinyo starehe ya halali, kisha tunashangaa vijana wetu wakidhani kuwa furaha na chupa ni kitu kimoja. Kijana anayemuona baba yake anakula peke yake mbele ya televisheni, na mama amebaki jikoni, atajifunza wapi kwamba ndoa ya Kiislamu ina raha?

Kwa hiyo jibu langu kwa mwanafunzi lina sehemu mbili. Kwanza, wamemdhuru mtu ambaye hawajamuona. Pili, walichokuwa wanakitafuta kingepatikana bila glasi ile, na ni wajibu wetu kuonesha hivyo kwa vitendo. Mimi na mke wangu sasa tuna Jumamosi moja kila mwezi. Simu tunaziacha nyumbani, tunavuka na pantoni kwenda Kigamboni, tunaagiza samaki na mihogo, na hatuondoki mpaka maneno yaishe.

Allah (S.W) atutosheleze kwa halali yake, na atufumbue macho tuwaone wanaolipa bili za starehe za wengine. Amin.