Maji ya Buxton ni ya Nani?

Katika mji wa Buxton, nchini Uingereza, hutoka ardhini maji ya uvuguvugu, joto lake yapata nyuzi 27. Tangu kale wenye baridi yabisi huyaendea wakitumaini nafuu. Hata hivyo katika karne ya 16 sheria iliwakataza maskini kuyaendea pasipo kibali cha mahakimu.

Mwaka 1780 Duke wa tano wa Devonshire alimwagiza fundi John Carr ajenge hapo jumba la mawe lenye umbo la hilali, ili matajiri wapate pa kulala, pa kucheza ngoma na pa kuoga. Lilimalizika mwaka 1789. Karibu nalo akajenga zizi kubwa la farasi wao.

Jumba hilo lilichakaa, likafungwa mwaka 1992. Mwaka 2020 lilifunguliwa tena, nalo ni hoteli yenye mabwawa ya kuogea. Sehemu ya gharama ilitoka katika fedha za bahati nasibu ya taifa, yaani senti za watu wengi ambao hawatalala humo hata usiku mmoja. (Hatuisifu bahati nasibu, twataja tu fedha zilikotoka.)

Je, ni haki? Wako wasemao kwamba nyumba isiyo na pato huoza, na pasipo hoteli jumba lingalianguka. Neno hili lina nguvu. Kila mzee wa usharika ajua ya kuwa paa bovu halingoji. Lakini kutunza mawe ni jambo moja, na kutunza kazi ya mawe ni jambo lingine.

Litazameni lile zizi. Tangu mwaka 1859 lilianza kugeuzwa hospitali ya maskini, na mwaka 1881 ua wake ulikuwa umefunikwa kwa kuba lenye upana wa mita 44. Walipolishwa farasi wa matajiri, ndipo walipolazwa wanyonge. Hospitali hiyo ilifungwa mwaka 2000, na baadaye pakawa mahali pa chuo kikuu. Basi matajiri wamerudishiwa nyumba yao, maskini hawakurudishiwa yao. Ingawa ni kweli kwamba tangu mwaka 1948 serikali huwatibu wagonjwa wote bila malipo, wala hawangojei tena sadaka ya Duke.

Mbele ya jumba kuna kisima cha Mtakatifu Ana, ambapo maji yale yale hutoka mchana na usiku. Kama kingalifungwa kwa ajili ya wageni wa hoteli, tungaliiita kazi ile yote unyang'anyi, hata mawe yangaling'aa namna gani. Hakikufungwa. Mtu huja na chupa zake, huzijaza, huenda zake, wala haulizwi kibali.